Nyuma ya Merikani

Bibi yangu, Mize binti Shaame,
aliapa mpaka tunamzika
kwamba mashujaa wote wa sinema ni mashoto.
Upanga, kushoto.
Kofia huvuliwa kwa kushoto.
Hata bwana harusi, pete yake, kushoto.
Tukimcheka anatusonya:
"Nyinyi mmeona wapi? Mimi nimeona Wete,
msimu wa karafuu, picha hazijaota ulimi."

Ilikuwa hivi.
Lalji alishuka na mashine ndani ya sanduku la chai,
akakodi sakafu ya kuanikia kule Utaani,
akatundika jora la merikani baina ya boriti mbili
na kulimwagia maji ndoo tatu
ili mwanga upenye.
Mbele wanaume, pesa nane kichwa.
Nyuma, juu ya majamvi yanayonuka karafuu,
wanawake na watoto, pesa nne,
bei ya kasoro
ambayo hakuna aliyewaambia kuwa ni kasoro.

Huko nyuma maandishi ya Kizungu
yalitoka kulia yakenda kushoto,
na Bi Riziki, aliyehitimu chuoni,
akayakazia macho akitafuta alifu.
Hakuiona.
"Wamesahau irabu," akasema, akarudi kwenye kashata yake.

Sauti ilikuwa moja tu, ya Faki Mjaka,
mchana mpima pishi, usiku msemaji wa picha.
Hajui Kizungu hata cha kuombea maji. Haidhuru.
Yule mwenye masharubu ni tajiri wa Konde, anadaiwa mahari.
Yule anayelia kauziwa mbuzi tasa.
Garimoshi likija: "Jongoo wa chuma huyo,
kaeni, hapandi shuka!"
Na mkanda ukikatika, Lalji anaunga kwa gundi na matusi,
Faki haachi; anakwenda na kisa gizani,
na wapo waliosema hicho ndicho kilichowaleta.

Msimu wa pili Lalji akaja na sanduku jingine, la jicho moja.
Akaliweka mbele ya wachambuaji wa karafuu.
"Fanyeni kazi, msinitazame."
Wakamtazama wote,
isipokuwa msichana mmoja wa pembeni, kichwa chini.

Shoto tangu tumboni, Mize.
Chuoni walimfunga mkono kwa ukindu.
Wageni wakija, mama yake huuficha ndani ya ukaya
kama kitu cha kuazima kilichovunjika.
Na kioo cha kwao kilitosha jicho na pua.

Miezi kumi. Merikani ikalowanishwa tena.
Wakatokea!
Kila mtu anaita jina lake mwenyewe,
mtoto wa Bi Riziki anakimbilia kitambaa amshike mama yake.
Na pale ukingoni mwanamwari kainama,
anatenga, punje huku, makonyo kule,
kwa mkono wa kulia.
Mwepesi. Kama wa watu wote.

Upande wa pili wanaume wakapiga kelele:
"Mtazameni shoto wa Shaame!"
na kicheko kikapenya jora, kibichi, kinadondoka maji.
Alisikia? Nilimuuliza.
Bibi hapa hunyamaza, hukunja upindo wa leso,
huukunjua.
"Ilikuwa kuhesabu mpaka kumi na mbili," husema.
"Halafu jongoo akanipita juu."

Mkanda ule haupo. Mmoja atakwambia uliungua ghalani,
mwingine uliyeyuka kwa joto ukanuka siki.
Faki, picha zilipoanza kujisemea, alirudi kwenye pishi,
na akimpimia mtu haongezi neno.

Mimi nilimletea bibi televisheni, ya rangi, mshahara wa miezi minne.
Nikaiwasha. Akaitazama kidogo, kwa adabu,
kama mtu anayeonja pilau ya jirani.
Kisha akainuka, akashika ukuta,
akaizunguka hadi nyuma,
kwenye vumbi, waya, matundu ya kupumulia.
Akasimama hapo muda.

"Na sisi," akauliza, "tunakaa wapi?"